Unga wa sumaku: kuomba hataza si kupata

Bei ya hisa huweza kuchangamka kwa habari tu kwamba kiwanda kimeomba hataza ya unga mpya wa aloi ya chuma, ule unaoshindiliwa kuwa kiini cha koili za simu na magari. Lakini ombi kwa kawaida hutangazwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, mara nyingi kabla mkaguzi hajaamua lolote.

Mkaguzi hutazama asilimia. Kiwanda kikidai silikoni 2 hadi 8, na andiko la zamani limetaja 5, mengine yakiwa yaleyale, dai hilo si jipya. Marekani mwaka 1985, katika kesi ya Titanium Metals, nukta moja kwenye mchoro wa makala ya Kirusi iliangusha dai la aloi ya titani, ingawa makala haikusema kwamba aloi hiyo hustahimili kutu.

Hubaki kubana asilimia na kuonyesha kwa vipimo kwamba hapo upotevu wa nishati hushuka kupita matarajio. Hataza ya namna hiyo ni nyembamba. Mshindani husogeza kipimo kidogo akauza. Na miaka 20 ya ulinzi huhesabiwa tangu siku ya kuomba.