Nani alianza? Maana za neno "kuanza" kwetu Ituri

Hapa Bunia tunatumia neno "kuanza" kila siku bila kulifikiri. Ibada imeanza. Mtoto ameanza kutembea. Mama aliyekimbia kutoka Djugu mikono mitupu ameanza kuuza mihogo sokoni. Na watu wawili wakigombana, jirani anauliza: "Nani alianza?" Neno ni moja, maana ni nyingi, na kuzichanganya kunaweza kutuumiza.

Maana ya kwanza ni ya wakati. Hapo tunasema mwanzo, jina tulilokipa kitabu cha kwanza cha Biblia. Neno la Kiebrania linalofungua kitabu hicho lina uhusiano na neno "kichwa": kilicho mbele ya vingine.

Maana ya pili ni ya sababu, na hapo tunasema chanzo. Biblia yetu inalitumia neno hilo katika Mithali 1:7, inapoonyesha maarifa yanatoka wapi. Mwanzo na chanzo havifanani. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si yeye anayelileta.

Maana ya tatu ni kuanza tena. Chuo cha theolojia kilichozaliwa Banjwadi, karibu na Kisangani, mwaka 1961, kilihamia Bunia baada ya uasi wa miaka ile, na tangu 2007 kinaitwa Chuo Kikuu cha Shalom. Hakikuanza kutoka sifuri. Kilibeba kile kilichokuwa kimepandwa. Vivyo hivyo, mkimbizi anayejenga kibanda chake Bunia anabeba ujuzi, imani na majina ya watu wake. Tukimwambia "anza upya" kana kwamba hakuwa na kitu nyuma, tunamwongezea maumivu.

Maana ya nne ndiyo nzito: kuchokoza. "Ni wao walioanza." Hapa ndipo mwanzo na chanzo huchanganywa. Uliza vita vya Ituri vilianza lini. Mmoja atasema Desemba 2017. Mwingine atasema 1999. Wa tatu atarudi kwenye sheria ya ardhi ya 1973, na wa nne kwenye wakati wa Wabelgiji. Mara nyingi kila mmoja anaanza hesabu siku watu wake walipoumizwa, na yaliyotangulia hayaoni. Wagiriki walikuwa na neno moja, arkhe, lenye maana ya mwanzo na pia ya mamlaka. Kweli, anayechagua mahali pa kuanzia simulizi huitawala: kwa kuchagua tarehe, amekwisha kuchagua mwenye kosa.

Hatusemi chanzo kisitafutwe. Bila kuzungumza juu ya ardhi, silaha na uongozi, jeraha litafunikwa tu. Wala hatusemi kosa lisihukumiwe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga 2014 na Bosco Ntaganda 2019, kwa matendo yaliyofanyika hapa Ituri. Walitoka pande tofauti, na kila mmoja alijibu kwa matendo yake mwenyewe. Jibu la "wao walianza" halikumwondolea yeyote hatia yake.

Maandiko yanatusaidia. Injili ziko nne na kila moja inaanzia mahali pake: Matayo kwa ukoo wa Abrahamu, Marko kwa mahubiri ya Yohana jangwani, Luka kwa kuhani Zakaria hekaluni, Yohana kabla ya kuumbwa kwa ulimwengu. Kanisa halikufuta hata moja. Lilijifunza kusikiliza zote nne. Je, sisi tunaweza kumsikiliza ndugu wa jamii nyingine akianza simulizi mahali pake, bila kumkatiza?

Tena, Yesu katika Matayo 5:23-24 anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hamwulizi nani alianza. Anamwambia aache sadaka yake, aende kwanza kupatana. Na barua ya kwanza ya Yohana inafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetangulia kutupenda. Hiyo ndiyo neema: aliyekosewa ndiye aliyeanza kuja.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa makanisa, mama na vijana: katika vikundi vya maombi, kabla ya kujadili nani alianza, kila mtu apewe nafasi ya kueleza kwake mambo yalianzia wapi. Wengine wanyamaze na kusikiliza hadi mwisho. Kisha tuulizane: kati yetu, nani ataanza kwenda kwa ndugu yake juma hili?