Guangzhou peke yako? Jipange kwanza!

Kijana mwenzangu wa Tandale au Mbagala, bila shaka umewahi kusikia mtaani: "Braza yuko China, Guangzhou." Bidhaa nyingi za Kariakoo hutoka huko. Labda ukimaliza shule nawe utakwenda, kwa masomo au biashara. Kwenda peke yako kunawezekana, ila ujipange.

Hati. Omba pasipoti Uhamiaji mapema, kisha viza ya China. Pasipoti isiwe imebakiza chini ya miezi sita.

Nani analipa? Mtu akikupa tiketi ya bure na "kimzigo kidogo cha rafiki", shtuka! Hapo unafanywa punda wa kubeba unga. Kwa sheria ya China, ukisafirisha gramu 50 tu za heroini unaweza kuhukumiwa kifo. Ukisema hukujua kilichomo, nani atakuamini? Panga begi lako mwenyewe na usipokee la mtu.

Ukifika. Treni ya chini ya ardhi, njia namba 3, hukutoa uwanja wa ndege wa Baiyun hadi mjini. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu, usiogope. Hoteli itakuandikisha polisi. Ukifikia kwa ndugu, jiandikishe ndani ya saa 24. WhatsApp imefungwa kule, kwa hiyo wewe na wa nyumbani wekeni WeChat kabla hujaondoka. Maji ya bomba usinywe bila kuchemsha.

Homa. Hili wengi hawalijui. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa China haina tena malaria, hivyo daktari wa kule anaweza asiifikirie kabisa. Lakini wewe unaweza kuumwa na mbu Temeke leo, homa ikakupanda wiki mbili baadaye ukiwa Guangzhou. Usimeze panadol ukalala! Malaria ikicheleweshwa inaua. Nenda hospitali, sema: "Nimetoka Tanzania, nipimeni malaria." Tafuta mtu akuandikie maneno hayo kwa Kichina, uyaweke ndani ya pasipoti. Gari la wagonjwa ni 120, polisi 110.

Mwisho, mwachie mzazi nakala ya pasipoti, anwani utakayofikia na tarehe ya kurudi. Unasafiri peke yako, sawa, lakini nyumbani wajue uliko.

Jadilini darasani: Rafiki yenu wa Kidato cha Nne ameahidiwa tiketi ya bure na mtu aliyemfahamu juzi tu. Mtamwambia nini?