Kompresa na sauti ya mwimbaji: iwekwe lini, ikaze kiasi gani?

Vijana wengi wa kwaya zetu siku hizi wanarekodi nyumbani: chumba kimoja, kompyuta, saundi kadi ndogo na maiki moja. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: kompresa iwekwe wakati wa kurekodi, au baadaye wakati wa kuchanganya sauti? Jibu letu ni fupi. Kwa studio ya nyumbani, rekodi sauti bila kompresa, kisha ibane baadaye, tena kidogo.

Kompresa tuifananishe na mtu aliyeshika kitufe cha sauti, anayekipunguza kila mwimbaji anapopaza na kukirudisha anapotulia. Mtu huyo huhitaji maagizo manne. La kwanza ni threshodi, yaani kizingiti: sauti iliyo chini ya hapo haiguswi. La pili ni resho: sauti iliyovuka kizingiti ibanwe kiasi gani. Tukiweka resho ya 4 kwa 1, na mwimbaji akavuka kizingiti kwa desibeli 8, sauti itakayotoka itakuwa imevuka kwa desibeli 2 tu. Desibeli 6 zimebanwa. La tatu, ataki, ni muda wa kuanza kubana, na la nne, rilisi, ni muda wa kuachia. Yote mawili hupimwa kwa milisekunde. Baada ya hapo sauti nzima hunyanyuliwa kufidia kilichopungua, na hapo ndipo faida huonekana: maneno yaliyoimbwa kwa sauti ya chini yanasikika.

Kwa Kiswahili faida hiyo si ndogo. Lugha yetu hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini sehemu kubwa ya maana hubebwa na viambishi vya mwanzo, ambavyo mwimbaji huvipita upesi na kwa sauti hafifu. Anayeimba wimbo wa katikati akisema "hatutaogopa", na "ha" ikapotea, msikilizaji amebaki na "tutaogopa". "Ametuokoa" na "atatuokoa" hutofautiana mahali hapo hapo. Kanisani muumini anaweza kuwa na Misale mkononi. Mgonjwa anayesikiliza kwa simu kitandani hana kingine ila sauti hiyo.

Kwa nini basi tusiiweke tangu mwanzo? Wengi huwasha kompresa iliyo ndani ya programu wakiamini itazuia sauti isipasuke. Haiwezi. Sauti hutoka kwenye maiki, ikaingia saundi kadi, ikakuzwa na kugeuzwa kuwa tarakimu, ndipo ikafika kwenye programu. Ikiwa imevuka sifuri ndani ya saundi kadi, kilele chake kimekwisha kukatwa kabla kompresa haijakiona. Dawa ya hapo ni kitufe cha geini. Mwombe mwimbaji aimbe mahali penye nguvu kuliko pote, si mstari wa kwanza anaouimba kwa aibu, kisha punguza geini hadi vilele vifike kama desibeli 10 chini ya sifuri. Usiogope kwamba sauti ni ndogo. Rekodi ya biti 24 ina nafasi ya desibeli 144 hivi kinadharia, na hakuna chumba cha nyumbani chenye utulivu wa kiasi hicho.

Picha za studio kubwa zimewapotosha wengine. Ni kweli mafundi wa enzi za tepu walipitisha sauti kwenye kompresa wakati wa kurekodi; ile maarufu ya 1176, aliyoibuni Bill Putnam, ilitoka mwaka 1967. Lakini tepu ilikuwa na mvumo wake, na sauti hafifu ilizama ndani yake. Sisi hatuna tepu. Na sauti iliyorekodiwa ikiwa imebanwa kupita kiasi haikunjuki tena.

Kompresa ya kwanza, kwa maoni yetu, ni miguu ya mwimbaji. Umbali kutoka kwenye maiki ukiongezeka mara mbili, tuseme kutoka sentimita 15 hadi 30, sauti inayomfikia maiki moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi, sawa kabisa na zile tulizobana kwa hesabu ya hapo juu. Mwimbaji aliyezoea hurudi nyuma kidogo anapopanda juu, akasogea anaponong'ona. Hilo lifanyiwe mazoezi kama noti zinavyofanyiwa.

Chumba nacho kina neno lake. Ukinyanyua sauti kwa desibeli 6, umenyanyua pia feni, jogoo wa jirani, mvua juu ya bati na mwangwi wa kuta. Zima feni. Tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na pembeni. Herufi "p" na "b" hupuliza maiki, na pumzi hiyo huishtua kompresa ikabana neno zima bila sababu. Weka kitambaa cha kuzuia pumzi, na kabla ya kompresa kata masafa yaliyo chini ya hezi 80.

Kwa kuanzia, Audacity, programu ya bure, inatosha kabisa. Weka resho ya 2 au 3 kwa 1, ataki ya milisekunde 10 hadi 30 ili konsonanti zipite kabla ya kubanwa, na rilisi ya 100 hivi. Kisha shusha kizingiti taratibu mpaka mahali pa nguvu pabanwe desibeli 3 hadi 6, pasizidi. Linganisha kwa kuzima na kuwasha, lakini kwanza hakikisha ukubwa wa sauti ni sawa pande zote mbili. Sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi, hata kama kimeharibika. Kama "s" na "sh" zimeanza kuchoma sikio, umebana mno.

Mbiu ya Pasaka inataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa mafrateri wengi hujifunza kwa kusikiliza rekodi. Inaanza, inapanda, inatulia, inapanda tena kwa dakika nyingi. Kompresa nzito itaisawazisha yote ikawa kama tangazo la biashara, na frateri atajifunza kuiimba hivyo. Hapo tunashauri kupandisha na kushusha sauti kwa mkono, sentensi kwa sentensi, kabla ya kugusa kompresa. Kazi hiyo inaweza kula jioni nzima. Faili la awali, lisilobanwa, lihifadhiwe kando, maana sikio la kesho asubuhi huwa halikubaliani na la usiku wa leo.