Batri ya droni isilale pamoja na mpunga

Ndugu wanakoperative, hapa Mikelenge sisi wote tunajua kulinda mpunga: panya, unyevu, wadudu, mwizi. Sasa kuna mgeni mwingine anayeingia depo mkononi mwa fundi, nasi tunamkaribisha kwa sababu depo iko na kufuli nzuri. Ni batri ya lithiamu ya droni.

Faida ya droni hatuikatai. Mwaka 2019, kule Cheju, Unguja, droni zilinyunyizia dawa mashamba ya mpunga ili kupunguza mbu wa malaria, bila mtu kutembea matopeni na pompi mgongoni. Lakini batri inayofanya kazi hiyo si kama ile ya gari. Ndani yake kuna maji-maji yanayowaka upesi, na nguvu nyingi imebanwa katika nafasi ndogo. Ikitobolewa, ikianguka vibaya au ikichajiwa kupita kipimo, seli moja inapata joto, inachoma ya jirani, na moto unajilisha wenyewe. Tarehe 3 septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, iliyobeba batri nyingi za lithiamu, ilishika moto hewani na kuanguka Dubai. Marubani wote wawili walikufa. Wale walikuwa na vifaa vya kuzimia moto. Depo yetu iko na ndoo.

(Tusidhani tena ni kitu cha wageni tu. Kobalti inayotiwa katika batri nyingi za lithiamu, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, kule kule Lualaba yetu inakotoka.)

Basi, kuchaji ni kazi ya mtu aliye macho. Hapana kuchaji usiku watu wakilala, hapana kuacha batri kwenye chaja na kwenda soko. Weka batri nje, kivulini, juu ya sima au matofali, mbali na majani, magunia na bidoni ya mafuta. Batri iliyotoka kuruka ni ya moto: ngoja ipoe kabisa kwanza. Na saa sita, chini ya mabati, joto linaweza kupita digrii 40. Saa hiyo usichaji, ngoja jioni. Tumia chaja yake yenyewe, si ile ya kuunganisha-unganisha waya. Kama ni jenereta, iwashe kwanza, itulie, ndipo uchomeke. Na uchomoe mbele petroli haijaisha.

Wengi wanakosea hapa: wanaweka batri ikiwa imejaa, ili iwe tayari. Seli iliyojaa ni volti 4.2. Ikikaa hivyo siku nyingi inachoka na kuvimba. Ikishuka chini ya volti 3, nayo inaharibika. Ya kuweka sharuti iwe karibu nusu, volti 3.8 kwa kila seli. Batri ya seli 6 itaonyesha 22.8 hivi. Chaja nyingi ziko na kazi hiyo tayari, fundi awaonyeshe. Kisha ziba midomo ya waya kwa utepe, iweke katika chungu cha udongo au sanduku la chuma lisilofungwa kabisa, maana moshi ukikosa njia sanduku linapasuka. Na kibanda chake kiwe peke yake, si depo, si chumba cha watoto.

Batri iliyovimba hairudi kazini, hata kama ilinunuliwa franga nyingi. Hapana kuitoboa ili itoe hewa, hapana kuitupa katika moto wala katika Lualaba. Iweke nje ndani ya mchanga, mbali na nyumba, mpaka aliyeiuza aichukue.

Ikianza kutoa moshi, toeni watu kwanza. Moshi ule ni sumu. Msiibebe kwa mikono. Mwageni maji mengi mkiwa mbali, muendelee hata moto ukizimika, kwa sababu unaweza kuwaka tena kiisha masaa.

Neno moja kwa wanaoagiza kwa ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa: batri ya droni kubwa ya kunyunyizia, volti 44.4 na ampea-saa 12, inatoa wati-saa 532. Ndege ya abiria haikubali batri ya akiba inayopita 160. Ulizeni usafiri mbele ya kutoa pesa.