Askari Wavaao Marinda

Wiki iliyopita mzee mmoja wa kigango chetu aliingia ofisini kwangu. Nilidhani anataka cheti cha ubatizo, kumbe amekuja kunionyesha picha aliyopewa na mjukuu wake. Ni picha ya askari polisi wa New York, huko Marekani, wakiwa katika gwaride. Juu wamevaa koti la sherehe lenye vifungo vinavyong'aa na nishani kifuani. Lakini chini ya kiuno hawana suruali! Wamevaa nguo ya marinda ifikayo gotini, na soksi ndefu.

"Karani," akaniuliza, "hawa ni askari kweli, au ni wacheza ngoma walioazima makoti ya askari?"

Mzee huyu hakuuliza bure. Yeye mwenyewe alikuwa polisi katika miaka ya 1960, zama za kaptula zilizotiwa wanga hata zikasimama zenyewe. Nikamjibu kwamba ni askari kweli. Na kwa kuwa huenda wasomaji wengine wameiona picha ya namna hiyo wakacheka, yafaa tuelezane.

Vazi hilo huitwa kilti, na kwao ni milima ya kaskazini ya Uskoti. Si sketi ya mwanamke. Kilti nzuri hula kitambaa cha sufu zaidi ya meta 7, chenye mistari ya rangi inayokingamana, na kila moja hushonwa kwa kipimo cha mwenyewe. Marinda yote yako nyuma. Mbele ni bapa, upande mmoja umelala juu ya mwingine, na hufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi kiunoni. Mifuko haina. Kwa hiyo mvaaji huning'iniza mbele kimkoba cha ngozi.

Hapo ndipo penye kazi kwa fundi cherehani. Koti la kawaida la polisi ni refu, limekatwa kwa ajili ya suruali. Likivaliwa juu ya kilti hukifunika kile kimkoba na kuyakandamiza marinda, na askari huonekana kama mtu aliyevikwa gizani. Ndiyo maana koti la kilti hufupishwa, au pembe zake za mbele hukatwa kwa mviringo. Mzee wangu alilipenda sana jambo hili, akaitazama tena picha yake, akathibitisha kwamba pembe zimekatwa.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko ushonaji. Katika mwaka 1746, baada ya watu wa milimani waliomfuata Charles Edward Stuart kushindwa vitani Culloden, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi yao. Aliyekamatwa amevaa kilti alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Walioruhusiwa ni askari wa jeshi la mfalme peke yao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, baada ya miaka 36. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa marufuku alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla hajaweza kuvaa kama babu yake pasipo kosa. Na leo wanaoivaa hadharani ni walinzi wa sheria wenyewe! Mjini Glasgow polisi wamekuwa na kikundi chao cha zumari tangu mwaka 1883, na tangu 1981 mpaka 1986 walishinda mashindano ya dunia mara sita mfululizo.

Sasa polisi wa New York wameipataje? Wengi wa walioanza huko si Waskoti. Ni wana wa Ayalandi. Viazi vilipooza kwao tangu mwaka 1845, watu zaidi ya milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakapanda meli. Walifika Marekani maskini, wakidharauliwa kwa umaskini na kwa Ukatoliki wao pia. Kazi ya polisi ikawa mojawapo ya milango iliyowafungukia. Wajukuu wao ndio walioanzisha kikundi cha zumari cha polisi wa New York mwaka 1960. Kusema kweli, Waayalandi wa kale hawakuvaa kilti hii ya marinda. Waliichukua kwa Waskoti, jirani na ndugu zao, walipotaka kuonyesha kwamba wao si Waingereza. Mwenye kutafuta ukale safi hataupata hapa. Mimi sioni ubaya. Nguo nyingi tunazoziita za jadi zina safari kama hiyo.

Kwa kawaida tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, hupita mbele ya kanisa kuu lenye jina lake. Hiyo ni siku ya furaha. Lakini kazi yao nzito ni mazishi. Zumari yao ina mfuko: mpigaji huujaza pumzi, akaubana kwapani, na sauti hutoka bila kukatika, kama mtu aliaye asinyamaze kuvuta pumzi. Tarehe 11 Septemba 2001 walikufa polisi 23 wa jiji hilo, polisi 37 wa mamlaka ya bandari, na wazima moto 343. Vikundi vya zumari vilizika miezi mingi. Wazima moto walilazimika kukigawanya kikundi chao, maana siku moja ilikuwa na mazishi zaidi ya moja, na hakuna mjane aliyestahili kuambiwa kwamba wapigaji wako kwingine.

Kwa kawaida kilti huvaliwa na wapiga zumari na wapiga ngoma, au walinzi wa heshima, katika shughuli maalumu tu. Siku nyingine askari huyo huyo huvaa suruali kama wenzake. Nadhani ni sawa. Sipendi kumfikiria akimfukuza mwizi juu ya ua.

Mzee aliikunja picha akaitia mfukoni. Mlangoni aligeuka.

"Na mwezi Machi huko kuna baridi?"

"Pengine hata theluji, mzee."

"Sisi kaptula zetu zilikuwa za joto," akasema, akaenda zake.