Dialize na minyoka ya tumbo: mwambieni munganga kama baba alishuka mu shimo

Mtu akiingia dialize, nyumba yote inaanza kuhesabu: mara ngapi kwa juma, saa nne kila mara, pesa ya transpo kwenda na kurudi. Akichoka, uso ukipauka, wote tunasema ni figo. Mara nyingi ni kweli, sababu figo ndizo zinaamuru mwili utengeneze damu. Lakini kwa mtu aliyefanya kazi mu shimo kuna swali lingine: hana minyoka ya tumbo, yaani minyoo?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1880, wafanyakazi waliokuwa wanatoboa tunele ya Saint-Gothard, kule Uswisi, walikuwa wanapauka na kufa. Perroncito, mwalimu wa Torino, aliona mu tumbo zao minyoo midogo yenye kunyonya damu. Kisha ugonjwa huo ulionekana mu mashimo ya makaa ya Liège. Joto, unyevu, hakuna choo, watu miguu wazi: mayai yanatoka na mavi, watoto wa minyoo wanaingia kwa ngozi ya mguu. Wachimbaji wetu wa mikono, wenye kushuka na sandale, wanajua shimo la namna hiyo.

Kuna mwingine mubaya zaidi, strongiloidesi. Unaingia vilevile kwa mguu, lakini hauondoki: unazaa ndani ya tumbo, na watoto wake wanamwambukiza tena mtu yule yule. Anaweza kubaki nao miaka 30 bila kujua. Mwili wenye afya unauzuia. Kwa mgonjwa wa figo, askari wa mwili wamechoka kwa uchafu unaobaki mu damu. Akipewa tena deksa ao prednizoni, minyoo inaongezeka mbio, inapanda mu mapafu, na inaweza kumuua. Ndiyo sababu mavi yapimwe mbele ya dawa hizo, na zaidi mbele ya kupandikiziwa figo. (Wale wenye kumeza deksa ya sokoni ili wanenepe, ni dawa ile ile.)

Wengine wanasema mashini ndiyo inaleta minyoo. Hapana. Kila mara inatumia maji litre 120 hivi, lakini kuna utando unaotenga maji na damu, na mnyoo hauwezi kuupita. Maji ya kuogopa ni ya kunywa. Mgonjwa anapimiwa kidogo tu kwa siku. Basi hayo kidogo yachemshwe, sababu kriptosporidi, kijidudu cha kuhara, hakiogopi javeli, kinaogopa moto. Akihara sana, presha inaanguka akiwa ku mashini.

Ku laboratwari, kupima mara moja hakutoshi. Strongiloidesi inaonekana leo, kesho haionekani. Ombeni wapime siku tatu mbalimbali. Na mwambieni munganga kama baba alifanya kazi mu shimo, hata kama ni miaka 20 iliyopita, kwani pengine hatauliza. Dawa musijinunulie. Albendazole, ile ya kawaida, ni dhaifu juu ya strongiloidesi. Yenye kufaa ni ivermectine, lakini kwa mtu aliyeishi ku mapori yenye filaria ya jicho, munganga atapima kwanza damu yake, sababu kama filaria ni nyingi, dawa hiyo inaweza kumuumiza ubongo.