Ngoma ya muheme iliyonifanya niachwe na ndege

Mwenzenu yalinikuta Agosti 2025, na mpaka leo nikisikia mtu anajisifu kwamba amepata tiketi ya bei poa, naingiwa na ubaridi. Si kwamba tiketi za bei poa ni mbaya, la hasha. Kosa lilikuwa langu mimi niliyejifanya mjanja wa mahesabu.

Binti wa marehemu dada yangu alikuwa anaolewa Muscat. Mume ni kijana wa Kiomani ambaye bibi yake alizaliwa Tabora, kwa hiyo nyumba nzima inaongea Kiswahili. Binti akanipigia simu huku nyumbani Mkonze: "Mama mdogo, sitaki vitenge wala sufuria. Niletee ngoma ya mama, uje uipige mwenyewe usiku wa hina."

Kwa wasiojua, muheme kwetu Wagogo ni ngoma ya wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na wenzako wanajibu kwa sauti na miguu. Dada yangu alikuwa fundi kweli kweli. Alipofariki 2019 ngoma yake ikabaki chumbani kwangu imefunikwa kanga, na sikuwa na ujasiri wa kuigusa. Sasa mwanaye anaiomba, utamwambia nini?

Nikaingia kwenye kutafuta tiketi. Tiketi moja ya kutoka Dodoma mpaka Muscat ilikuwa ghali kuliko mfuko wangu. Kijana wa jirani akanionyesha kwenye simu kwamba nikinunua mbili mbalimbali, Dodoma hadi Dar kwa shirika moja, kisha Dar hadi Muscat kupitia mji mwingine wa Ghuba kwa shirika jingine la bei nafuu, naokoa zaidi ya laki mbili. Kati ya kutua Dar na kuruka tena kulikuwa na saa mbili na dakika hamsini. Nikajisemea, mbona ni muda tele! Mtu anatoka Mkonze, anakwenda Soko la Majengo, ananunua mboga na kurudi.

Mzigo nao nikaushughulikia kiutu uzima. Nikaibeba ngoma mpaka kwa jirani anayenunua mahindi na alizeti, akaitundika kwenye mizani yake. Kilo 14. Sanduku langu kilo 15, ndani mna mlenda mkavu, ubuyu na karanga. Nilikuwa nimelipia kilo 30, imebaki moja ya chenji! Nililala usingizi mnono.

Siku ya safari, pale uwanja wa ndege wa Dodoma, mpagazi mmoja alipoiona ile ngoma akanisalimia "Mbukwenyi!" huku anacheka. Ndilo jambo zuri la mwisho nililolipata siku ile. Ndege ilichelewa. Nilipaswa kutua Dar saa nne kamili asubuhi, nikatua saa tano na dakika tano. Ya pili inaruka saa sita na dakika hamsini. Bado nilikuwa na amani, maana sikujua kitu kimoja: saa ya kuruka si saa yako. Saa yako ni ile ya kufungwa kaunta, na wengi hufunga saa moja kabla ya safari ya nje. Yaani nilibakiwa na dakika arobaini na tano tu.

Sanduku likatoka kwenye mkanda. Ngoma haikutoka. Ikaja baadaye imebebwa mikononi, maana haikai vizuri kwenye mkanda. Saa tano na nusu hiyo imepita. Sasa, Uwanja wa Julius Nyerere safari za ndani zinatumia Jengo la Pili, na za nje Jengo la Tatu lililofunguliwa 2019. Kwa kuwa tiketi zangu zilikuwa mbili, hakuna aliyekuwa na kazi ya kunivushia mzigo. Nikatoka nje, nikakodi gari, nikashuka, nikapanga foleni ya ukaguzi. Ngoma ikapitishwa kwenye mashine mara mbili. Nafika kaunta, saa tano na dakika arobaini na saba.

"Shikamoo mama," kijana wa kaunta akasema. "Huu mzigo ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Ngoma hiyo. Kilo 14, nimepima."

Akatoa tepu kama ya fundi cherehani. "Urefu 90, upana 40, kina 40. Jumla sentimita 170, mama. Mwisho wetu ni 158. Huu unalipiwa pembeni kama mzigo mkubwa, dirisha lile, halafu unarudi na risiti."

Nikageuka. Dirishani kulikuwa na watu wanne.

"Baba, nitawahi kweli?"

Akaangalia saa. "Ukiiacha ngoma, nakuingiza sasa hivi. Ukienda kule, siwezi kukuahidi."

Wallahi nilisimama pale nimeishika kanga ile mkononi, sijui niseme nini. Kwenda bila ngoma ni kwenda kufanya nini? Nikaenda dirishani. Niliporudi na risiti, mashine ilikuwa imeshafunga safari. Kijana hakunigombeza wala mimi sikumgombeza. Aliniletea kiti.

Pale kitini nilipata muda wa kutosha wa kuwaza, na baadaye nimeulizauliza kwa wanaojua. Haya mashirika ya bei nafuu hayana roho mbaya, ila biashara yao haina nafasi ya kumsubiri mtu. Ndege inaleta hela ikiwa hewani. Mwaka 1972 kampuni ya Southwest ya Marekani iliuza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo kwa ukata, ikalazimika kufanya kazi ya ndege nne kwa hizo tatu. Ikaanza kushusha na kupakia watu ndani ya dakika kumi hivi! Na mtindo wa mashirika mengi ya bei nafuu siku hizi ndio huu: nauli ndogo, na kila kitu kingine unakilipia kwa bei yake.

Sisi Tanzania tulifundishwa na fastjet. Ilianza Novemba 2012 ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, watu wakagombania viti kama mkate wa mgao. Wengi ndipo walipojua kwamba begi la kupakia lina bei yake mbali na kiti. Shirika lile liliacha kuruka hapa mwisho wa 2018, lakini somo limebaki.

Hilo la sentimita 158 ndilo lililoniumiza zaidi, maana mizani ya mahindi haipimi urefu. Unajumlisha urefu, upana na kina cha mzigo. Mashirika mengi yanatumia kipimo hicho, na tepu ya fundi wako wa mtaani inatosha kukuambia ukweli kabla hujatoka nyumbani. Ukigundua umezidi, lipa mapema kwenye mtandao au ofisini kwao, kwa kawaida ni nafuu kuliko bei ya uwanjani. Na mzigo mmoja usizidi kilo 32 hata ukiwa na hela ya kununua ndege nzima, kwa sababu hicho ndicho kikomo kilichowekwa ili kulinda migongo ya wapakiaji. Kitu chenye ngozi au mbegu, kama ngoma yangu na ule ubuyu, uliza mapema sheria za karantini za unakokwenda. Hilo nililiuliza, angalau.

Nilishangaa nikimkumbuka mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003. Yeye alizunguka dunia na mazeze na marimba yake miaka na miaka. Natamani ningemuuliza alifanyaje kaunta.

Kuhusu fidia, msipoteze nguvu kama mimi. Ukiwa na tiketi moja na ukachelewa njiani, ni kazi ya waliokuuzia kukufikisha. Ukiwa na mbili, wa kwanza anasema nimekufikisha Dar, wa pili anasema hukufika kwa wakati, na wote wawili wanasema kweli. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unamlinda abiria wa safari za kimataifa: mzigo ukipotea au kuharibika, kikomo cha fidia tangu Desemba 2024 ni SDR 1,519, yaani kama dola 2,000 za Marekani. Lakini malalamiko ya mzigo ulioharibika uyapeleke kwa maandishi ndani ya siku saba, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee. Mimi mzigo wangu ulikuwa mzima, tena mbele ya macho yangu. Aliyechelewa ni mwenyewe.

Na kinachoniuma ni kwamba treni ipo! SGR inatoka Dodoma mpaka Dar tangu Julai 2024, safari isiyofika hata saa nne. Ningeondoka siku moja kabla, nikalala kwa shemeji Ukonga, asubuhi nikaingia Jengo la Tatu saa mbili, ningepanga foleni ya dirishani hata mara tatu. Kulala kwa shemeji ni bure.

Na kwa shemeji ndiko nilikoishia, lakini kwa machozi. Tiketi ilikuwa imekufa, hairudishwi wala haibadilishwi, hayo ndiyo masharti ya bei poa na nilikuwa nimeyakubali kwa kidole changu mwenyewe. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya siku mbili, nikakopa shilingi laki saba na themanini kwenye kikundi chetu cha akina mama. Mpaka naandika haya bado narejesha.

Usiku wa hina niliusikia kwa simu, nimekaa kwenye mkeka wa shemeji, ngoma iko pembeni. Binti alilia, akasema, "Mama mdogo, njoo tu."

Nilifika Muscat siku mbili baada ya arusi. Binti alikuwa ameshahamia kwa mumewe, ghorofa ya tatu. Akaifungua ile kanga, akapitisha mkono kwenye ngozi pale palipolainika kwa viganja vya mama yake, akakaa sakafuni akaibana mapajani. Mama mkwe akaleta kahawa, akakaa nasi. Tuliipiga polepole kwa ncha za vidole, maana jirani wa chini alikuwa na mtoto mchanga.